STEJI YA NNE

Dalili ya mvua ni mawingu. Methali hii tumeiandika katika insha tangu darasa la nne, na walimu wameitia alama ya vyema mara nyingi. Lakini ni wachache kati yetu wanaoinua macho juu kuangalia kama mawingu yenyewe yamekusanyika. Chama chetu cha Kiswahili kilipotutaka mwaka huu tuandike juu ya jambo tunalolijua wenyewe, si la kusimuliwa, sikusumbuka kutafuta kichwa cha insha. Nitaandika juu ya saratani ya koo, kwa sababu iliingia nyumbani kwetu bila kubisha hodi, ikaketi kwenye kiti cha baba.

Kwanza, msomaji mpendwa, tuelewane juu ya koo lenyewe. Sisi tukisema "koo" tunamaanisha kila kitu kilicho shingoni. Daktari hasemi hivyo. Nyuma ya mdomo na pua kuna koromeo, njia ambayo chakula na hewa hupitia pamoja. Chini yake njia hiyo inagawanyika mara mbili kama barabara kwenye njia panda. Ya nyuma ni umio, linaloteremsha chakula tumboni. Ya mbele ni bomba la hewa, linalokwenda mapafuni. Mlangoni mwa bomba hilo la hewa kuna kijumba kilichojengwa kwa gegedu, nacho huitwa zoloto. Ndilo lile linalotokeza shingoni mwa wanaume na kupanda na kushuka wakimeza mate. Ndani ya zoloto kuna nyuzi mbili za sauti. Tukiongea zinakaribiana na hewa inazitikisa. Tukimeza, zoloto hujifunga ili ugali usiende mapafuni. Kwa hivyo zoloto ni mlinzi wa lango na pia ni redio. Likiharibika, mtu anaharibikiwa na yote mawili.

Baba yangu alikuwa anaishi kwa zoloto. Yeye ni makanga katika steji ya matatu hapa Thika. Kama umewahi kupanda gari la kwenda Nairobi asubuhi, huenda ulimsikia kabla hujamwona: "Nairobi! Nairobi! Wawili twende!" Hata wakati walikuwa wamebaki wanane, yeye alisema wawili. Mama alikuwa akisema kwamba sauti ile ndiyo iliyomlipia kodi ya nyumba na kuninunulia mimi sare ya shule. Halikuwa neno la mzaha.

Mwezi wa Januari mwaka jana, nikiwa nimeingia kidato cha pili, sauti ya baba ilianza kukwama. Hakuna aliyeshtuka. Makanga gani asiyekwama sauti? Mama alimchemshia tangawizi, akamkamulia ndimu, akamtilia na asali. Shangazi alileta majani ya mkaratusi ajifukize. Wenzake wa steji walimpa peremende za kifua. Baba alipata nafuu siku mbili, akarudi kazini, sauti ikakwama tena. Mwezi wa Machi alikwenda zahanati moja ya hapa mtaani, akaambiwa ni matonsi, akapewa vidonge. Alirudi mara nne. Mara zote nne alipewa vidonge vya namna ile ile, na hakuna aliyemwambia afungue mdomo atazamwe kwa kioo.

Mwezi wa Juni mambo yalibadilika. Baba alianza kulalamika kwamba sikio la kulia linamuuma, na sikio lenyewe halikuwa na usaha wala jeraha. Ugali ulimpita kwa shida, akawa anauteremsha kwa maji. Alikonda hadi mshipi ukatobolewa tundu jipya. Usiku alipolala pumzi yake ilikuwa na mlio, kama mtu anayevuta hewa kwa mrija. Kisha Mama akagusa shingo yake akimfunga shali, akakuta kitu kigumu kama mbegu ya parachichi kisichouma. Hapo ndipo tulipojua kwamba maji yamezidi unga.

Mwezi wa Agosti, shule zilipofungwa, nilifuatana na baba na mama hadi hospitali kubwa ya rufaa. Mimi ndimi kifungua mimba, na baba huniita "mama" kwa sababu nimepewa jina la mama yake. Alisema, "Mama atakuja na sisi, yeye ndiye anajua Kizungu cha madaktari." Basi nikachukua daftari moja tupu la kurasa tisini na sita, nikawa karani.

Nataka niwaeleze jinsi ugonjwa huu unavyotafutwa, kwa maana wengi hudhani daktari hutazama tu na kutaja jina. Daktari wa masikio, pua na koo alipitisha mrija mwembamba wenye taa puani mwa baba hadi kwenye zoloto. Aliona uvimbe upande wa kulia, na uzi wa sauti wa upande huo ulikuwa umesimama, hautikisiki. Lakini hakusema ni saratani. Alisema, "Macho hayatoshi." Wiki iliyofuata baba alidungwa dawa ya usingizi, akakatwa kipande kidogo cha uvimbe ule, kikapelekwa maabara kutazamwa kwa darubini. Hiyo ndiyo bayopsi. Bila hiyo, hakuna daktari mwenye haki ya kumwambia mtu ana saratani. Halafu alipigwa picha za kompyuta, zile za sitiskani, za shingo na kifua, ili ijulikane uvimbe umefika wapi. Kungoja majibu kulikuwa kugumu kuliko vipimo. Mama alikuwa akifagia uwanja mara tatu kwa siku, na haukuwa mchafu.

Siku ya majibu tuliitwa kwenye chumba kidogo. Daktari alikuwa mpole, lakini alisema haraka, Kiingereza na Kiswahili vikifuatana. Baba alishika neno moja tu. Daktari alisema saratani imefika "steji ya nne".

Msomaji, kwa makanga neno hilo lina maana moja. Steji ni mahali abiria wanapopanda na kushuka. Tulipotoka nje baba alikaa kwenye benchi, akauliza kwa ile sauti iliyobaki, "Steji ziko ngapi?"

Nikamwambia, "Ziko nne, Baba."

Akatikisa kichwa. "Basi hiyo ni ya mwisho. Hapo kila mtu anashuka."

Hakusema tena hadi tukafika nyumbani. Jioni hiyo habari zilienea kama moto wa nyikani. Shangazi alilia. Baba mkubwa alikuja kuuliza juu ya shamba la nyumbani na hati zake ziko wapi. Watu wa steji walianza mchango, na nilimsikia mmoja akisema polepole mlangoni kwamba afadhali pesa ziwekwe za safari ya kumrudisha mzee nyumbani, kwa sababu hospitali zitazila bure. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameelewa neno "steji" kama alivyolielewa baba.

Mimi nilikuwa na daftari langu. Nilikuwa nimeandika "steji 4A", na hiyo herufi A ilinisumbua. Kama nne ni mwisho, A ni ya nini? Kesho yake tulirudi kuchukua karatasi za picha. Nilimkuta muuguzi mmoja wa kliniki ya saratani, mama mtu mzima, nikamsalimu na kumwonyesha daftari. Aliweka miwani, akanivutia kiti. Alichonieleza kwa robo saa ndicho kilichonifanya niandike insha hii, nami nitakieleza kama alivyonieleza.

Alisema, "Mwanangu, steji si siku za kuishi. Steji ni ramani." Saratani ni chembe za mwili zilizokataa amri. Chembe nzuri huzaliwa, hufanya kazi na kufa kwa zamu. Chembe hizi huzaana ovyo na kuvamia jirani, kama magugu shambani. Steji ya kwanza, gugu liko mahali pamoja tu. Steji ya pili, limeingia sehemu ya karibu. Steji ya tatu, limezuia uzi wa sauti usitikisike, au limefika kwenye tezi moja ndogo ya shingo. Steji ya nne ina vyumba vitatu. Katika A, gugu limetoboa gegedu na kutoka nje ya zoloto, au limeingia tezi kadhaa, lakini bado liko shingoni na linaweza kung'olewa. Katika B, limezunguka mishipa mikubwa au mahali ambapo kisu hakiwezi kupita kwa urahisi. Katika C, limesafiri mbali, kwa mfano hadi mapafuni au kwenye mifupa. "Baba yako yuko A," alisema. "Picha ya kifua ni safi. Hii ni saratani kubwa, sikudanganyi. Lakini tunatibu tukitaka kuponya, si kutuliza maumivu tu. Nenda umwambie hivyo."

Nilirudi nikamwambia. Nilimchorea zoloto kwenye daftari, nikachora na uvimbe, nikaandika A kubwa. Nikamwambia, "Baba, hapa si mahali pa kushuka. Ni gari limeharibika sana, lakini fundi amesema analiweza." Aliangalia mchoro kwa muda mrefu. Kisha akacheka, na kicheko chenyewe hakikutoa sauti.

Hata hivyo matibabu yalikuwa na bei yake, na sisemi juu ya pesa, ijapokuwa pesa nazo zilituliza. Daktari alieleza kwamba kwa sababu gegedu limetobolewa, mionzi na dawa za kemo peke yake hazingetosha vizuri. Wagonjwa wengine wenye uvimbe mdogo hutibiwa kwa mionzi tu, au mionzi pamoja na kemo, na zoloto lao likabaki. La baba lilikuwa lazima liondolewe lote, pamoja na tezi za shingo, kisha apewe mionzi. Angepumua kupitia tundu shingoni, juu kidogo ya kifua, maisha yake yote. Na sauti ile ya steji isingerudi kamwe.

Baba alikataa. Alisema, "Sauti ndiyo jembe langu. Mkininyang'anya jembe, nitalima na nini?" Kwa siku tatu nyumba yetu ilikuwa kimya. Baba mkubwa alimsihi, mchungaji alimsihi, wala hakukubali. Siku ya nne Mama alimwekea uji mbele yake, akamwambia bila kupandisha sauti, "Baba watoto, mimi sikuolewa na sauti." Akachukua ndoo akaenda kuchota maji. Baba alikunywa ule uji taratibu, kijiko kwa kijiko, kwa kuwa kumeza kulimwuma. Alipomaliza aliniambia nilete daftari nitazame tarehe ya kliniki.

Nilipokuwa nikisoma juu ya ugonjwa huu nilikuta jambo la historia ambalo wanafunzi wenzangu watalipenda. Upasuaji huu wa kuondoa zoloto lote kwa ajili ya saratani ulifanywa kwanza na daktari Theodor Billroth mjini Vienna tarehe 31 Desemba 1873. Miaka kumi na minne baadaye, mwaka wa 1887, mwana wa mfalme wa Ujerumani, Friedrich, alikwama sauti. Vipande vya uvimbe wake vilikatwa vikapimwa na bingwa Rudolf Virchow, naye hakuona saratani ndani yake. Madaktari wakabishana, siku zikapita. Friedrich akawa mfalme mwezi wa Machi 1888 akiwa tayari anapumua kwa tundu shingoni na kuandika maneno yake kwenye karatasi. Alitawala siku 99 tu, akafa tarehe 15 Juni 1888. Aliyerithi kiti ni mwanawe Wilhelm wa Pili, yule tunayemsoma katika habari za Vita vya Kwanza vya Dunia. Nilimsomea baba kisa hiki. Aliandika kwenye karatasi, "Kumbe hata wafalme hukwama sauti."

Baba alipasuliwa mwishoni mwa Septemba. Usiku wa kuamkia siku hiyo, wodini, alisimama kando ya kitanda akaita kwa sauti yote iliyobaki, "Nairobi! Nairobi! Wawili twende!" Wagonjwa walicheka, na muuguzi akamwambia, "Mzee, hili gari limejaa, lala." Ni mara ya mwisho kumsikia.

Alikaa chumba cha upasuaji tangu asubuhi hadi alasiri. Nilipomwona, alikuwa na mrija puani wa kumlisha, na tundu shingoni lililokuwa likipumua lenyewe kama jambo lisilomhusu. Sikukimbia. Nilijikaza kisabuni nikamshika mkono, naye akanifinya mara mbili. Huo ndio mpigo anaopiga kwenye bodi ya matatu kumwambia dereva aondoke. Nikajua akili yake iko sawa.

Mwezi wa Novemba, shule zikiwa zimefungwa, ilianza safari ya mionzi, ambayo watu wetu huiita "kuchomwa". Jina hilo linaogofya bure, kwa maana mgonjwa hasikii moto. Alitengenezewa barakoa ya plastiki iliyofuata umbo la uso na shingo yake ili asitikisike, akalala chini ya mashine dakika chache tu, akatoka. Ilikuwa Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki sita, yaani mara thelathini. Sababu ya kugawanya hivyo ni kwamba chembe nzuri hupata nafasi ya kujirekebisha kati ya siku moja na nyingine, na chembe za saratani hushindwa. Wiki mbili za kwanza zilikuwa nyepesi. Kutoka ya tatu ngozi ya shingo ikawa nyeusi na kuchubuka, mdomo ukakauka, chakula kikakosa ladha. Tulipanda matatu pamoja kila asubuhi, na wenzake wa steji hawakumtoza nauli hata siku moja. Yule wa mlangoni, aliyesema pesa zitaliwa bure, ndiye aliyekuwa akituwekea viti vya mbele.

Sasa niko kidato cha tatu, na baba yuko hai. Sitasema amepona, kwa kuwa daktari mwenyewe hajasema. Anatazamwa kila baada ya miezi miwili, na ataendelea kufuatiliwa kwa miaka mitano. Kuna mambo tuliyojifunza ambayo hayamo katika vitabu vyetu. Baba hawezi kupuliza chai ikiwa moto wala kupiga mbinja, maana hewa haipiti tena mdomoni. Harufu ya maandazi haimfikii vizuri. Akikohoa anafunika shingo, si mdomo. Akioga hujihadhari maji yasiingie kwenye tundu, na hufunga kitambaa chepesi kuzuia vumbi. Anaongea kwa kifaa kidogo cha betri anachokiweka chini ya kidevu, nacho kinatoa sauti kavu isiyopanda wala kushuka. Ndugu yangu mdogo alikiogopa wiki nzima, sasa anakiazima achezee. Wengine hufundishwa kuongea kwa kutumia hewa ya umio, wengine huwekewa vali ndogo kati ya bomba la hewa na umio. Steji haijamfukuza. Yeye ndiye anayepanga foleni ya magari na kuandika daftari la zamu, na gari likijaa hupiga bodi mara mbili.

Kwa nini yeye? Tulimuuliza daktari. Alisema sigara na pombe ndizo chanzo kikubwa, na vikitumiwa pamoja hatari huongezeka kuliko kila kimoja peke yake. Baba alivuta sigara tangu kabla sijazaliwa, na jioni hakukosa glasi. Lakini wapo wanaougua bila kuvuta hata moja, kwa hiyo tusiwahukumu wagonjwa. Virusi vya HPV, vile vile vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi, huleta pia saratani ya sehemu ya matonsi na shina la ulimi. Chanjo yake imekuwa ikitolewa kwa wasichana hapa Kenya tangu Oktoba 2019. Nayo sheria ya mwaka wa 2007 inakataza kuvuta sigara mahali pa umma, ijapokuwa nyuma ya choo cha uwanja wetu kuna vipande vya sigara ambavyo havikuletwa na upepo.

Kwa hivyo, wenzangu, nawaomba mambo mawili. La kwanza, ukisikia sauti ya mzazi, mwalimu au jirani imekwama kwa zaidi ya wiki tatu, usimchemshie tangawizi ya nne. Mwambie aende kwa daktari anayeweza kulitazama zoloto lenyewe kwa macho. Hali kadhalika kidonda cha mdomoni kisichopona, uvimbe wa shingo usiouma, sikio linalouma bila sababu na chakula kinachokwama. La pili, ukiambiwa neno la hospitali usilolielewa, uliza. Uliza kwa Kiswahili, uliza mara mbili, andika kwenye daftari. Sisi wa Chama cha Kiswahili tunapenda kubishana juu ya ngeli na maana za maneno, na wengine hutucheka. Nyumbani kwetu neno moja lisiloeleweka lilikuwa karibu kumfanya mtu akatae tiba na kungoja kifo. Neno hilo ni steji, na sasa baba ndiye anayewaeleza wenzake maana yake.